Sinia Chini ya Bi Kijani

Kila asubuhi, hata kabla ya kunywa chai, Swabaha alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemlazimisha kuifanya. Alijaza ndoo maji, akachukua kitambaa, akatoka nje kumwogesha Bi Kijani.

Bi Kijani si mtu, jamani! Ni gari. Gari refu la rangi ya kijani, lenye nafasi kubwa ya mizigo nyuma, ambalo babu yake Swabaha alilinunua zamani na sasa lilikuwa la baba yake. Lilikaa kwenye kiwanja kidogo pembeni mwa nyumba yao, hapo Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Na Mji wa Kale upepo wa bahari hauna huruma. Chumvi inalala juu ya bati usiku kucha, na usipoiosha inaanza kula polepole, mpaka siku moja unafungua mlango wa gari unabaki na kitasa mkononi. Ndiyo maana Swabaha, msichana wa miaka kumi na miwili, hakukosa hata siku moja.

Mwaka ule wa 1996, Bi Kijani alikuwa na kazi kubwa mbele yake. Maisara, dada mkubwa wa Swabaha, alikuwa anaolewa, na mume alikuwa mtu wa Malindi. Sasa, katika nyumba hiyo kulikuwa na ada moja: bibi harusi anasafiri ndani ya Bi Kijani. Mama yao, Mwanatumu, aliletwa ndani ya Bi Kijani. Shangazi yao aliondoka ndani ya Bi Kijani. Maisara tangu utotoni alikuwa akisema, "Mimi msinikodishie gari la watu. Mimi nitaondoka kwa gari la Babu."

Lakini Bi Kijani alikuwa amezeeka. Ukimwendesha mwendo mfupi, hana neno. Ukimfikisha Mtwapa na jua limewaka, injini inaanza kugonga kama mtu anayepiga kijiko kwenye sufuria, na ile taa nyekundu ya oili inaanza kukonyeza.

Baba yao, Bwana Jamaldin, alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache. Alikuwa amekwisha sema, "Nikiwa na shaka hata kidogo na gari hili, nakodi jingine. Simwachi mwanangu amekaa na hina zake kando ya barabara ya Kilifi."

Maisara aliposikia hivyo aliingia chumbani akafunga mlango.

Juma la harusi akafika Ami Kamaludin, mdogo wake Baba, kutoka Dubai alikokuwa akiendesha malori. Watu wakirudi kutoka Arabuni huja na manukato na vitambaa. Ami alikuja navyo, ndiyo, lakini kitu alichokibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga kilikuwa boksi la magaloni ya oili. Akatoa galoni moja akaliweka mezani.

"Hii ndiyo dawa ya Bi Kijani," alisema. "Oili ya sinthetiki!"

"Sinthe-nini?" Mama akauliza.

"Sinthetiki, shemeji! Oili ya kawaida inatoka ardhini, wanaichuja, basi. Hii wataalamu wameitengeneza kiwandani. Oili ya kawaida ikipata joto kali inakuwa maji, chuma kinasugua chuma, ndipo mnaposikia ile kelele. Hii inavumilia. Mimi nimeendesha lori jangwani, jua la kukaanga yai, na taa ya oili sikuiona hata siku moja!"

Baba akatumbukiza kijiti, akakiinua. Oili ikachuruzika nyepesi, rangi ya asali. Akaisugua baina ya vidole viwili, vile vile anavyopima kitambaa.

"Mbona nyepesi hivi?"

"Hata mimi naona," Mama akasema. "Samli ikiwa nyepesi hivyo, ujue imetiwa kitu."

"Shemeji, injini si chungu cha pilau!"

Wote wakacheka, lakini Baba bado hakuridhika. Akamgeukia Swabaha. "Mwanangu, mimi hapa sina nafasi hata ya kukohoa, kanzu za harusi zinaningoja. Chukua oili kidogo kwenye chupa, nenda kwa fundi Charo, muulize kama inamfaa Bi Kijani. Atakalosema Charo ndilo tutakalofanya."

Ami akabinua mdomo, akalifunga galoni lake.

Gereji ya Charo ilikuwa nyuma ya Mwembe Tayari, na kelele za mabasi ya bara zilikuwa hazikatiki. Swabaha alipofika, fundi alikuwa chini ya lori, miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Shikamoo, fundi!"

"Marahaba!" miguu ikajibu. "Nani huyo?"

"Swabaha wa Jamaldin."

Charo akajivuta nje, uso mweusi kwa grisi, meno meupe. Akaishika chupa, akaitazama kwenye mwanga, akainusa.

"Sinthetiki! Mimi mwenyewe sijawahi kuitia gari la mteja, lakini sifa zake nazisikia. Ni oili nzuri. Nzuri sana. Lakini sikiliza, binti. Gari lenu ni la zamani. Zile sili zake, yaani mipira inayozuia oili isitoke nje ya injini, zimekauka kama ganda la ndizi. Oili nzito ya kawaida inajikokota, haitoki sana. Hii nyepesi itapenya. Mwambie babako alilete kwanza nibadilishe sili, ndipo mtie. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Oili ni nzuri."

"Na?"

"Na sili kwanza."

"Haya, nenda. Nawangoja."

Swabaha alirudi mbiombio mwanzoni, halafu akapunguza mwendo. Akaanza kufikiri. Mara ya mwisho Bi Kijani alipolala kwa Charo, alikaa huko mpaka kuku wa jirani akataga kwenye kiti cha nyuma! Wallahi, Baba alirudi na gari na mayai. Sasa akienda tena juma la harusi, je? Baba atasema, basi, tukodi. Maisara atalia. Na Ami atasema mafundi wa hapa wanatafuta kazi tu.

Alipoingia, Baba alikuwa ameinamia cherehani.

"Charo amesemaje?"

Swabaha akatazama vidole vya miguu yake. "Amesema ni oili nzuri, Baba. Nzuri sana."

"Basi ni hivyo tu?"

"Amesema nzuri sana," Swabaha akarudia, sauti ikiwa chini.

Baba akaitikia kwa kichwa. "Kama Charo amesema, yamekwisha. Kamaludin! Tia oili yako."

Alasiri ile ile Ami akapandisha mikono ya shati, akamwaga oili kuukuu, akabadilisha filta, akatia sinthetiki. Wakapanda wote, wakazunguka kisiwa kizima, wakavuka daraja la Nyali wakaenda mbali, jua likiwa kali. Taa haikuwaka! Injini ilikuwa inaimba. Baba, mtu ambaye hapigi honi hata mbele ya ng'ombe, alipiga honi alipoingia mtaani. Maisara akamkumbatia Ami, akamkumbatia na Swabaha.

Asubuhi iliyofuata Swabaha alitoka na ndoo yake. Chini ya Bi Kijani kulikuwa na tone. Tone moja jeusi, dogo kama kifungo.

Akalifunika na mchanga.

Kesho yake tone likawa doa. Akalifunika. Siku ya pili yake doa likawa kama sahani ya chai, na mchanga ukalowa wote. Oili ya Ami, iliyosafirishwa kutoka Dubai, inamwagika chini hivi hivi! Akaona bora aikinge na kitu, isipotee. Akaangaza macho huku na huku, na hapo barazani akaliona sinia.

Lilikuwa sinia kubwa la shaba la Mama, lenye alama ya rangi nyekundu ukingoni. Mji wa Kale, harusi moja inahitaji masinia ya mtaa mzima, kwa hiyo kila nyumba inaweka alama yake, na masinia yanakwenda na kurudi. Hili Bi Sheikha, jirani wa nyumba ya mkabala, aliliazima kwa khitma, na sasa alikuwa amelirudisha. Wala hakulirudisha tupu, maana kurudisha sinia tupu ni aibu. Alikuwa ameweka visheti, akavifunika kwa kawa.

Visheti vikaingia tumboni mwa Swabaha. Sinia likaingia chini ya Bi Kijani. Akateremsha turubai la kufunikia gari mpaka chini, pasionekane kitu.

Siku moja kabla ya safari, Mama alikuwa akikusanya masinia. Akapekua jikoni, akapekua ghorofani, kisha akafungua dirisha. Nyumba za mtaa ule zinatazamana karibu, mtu wa huku anaweza kumpa wa kule chumvi bila kushuka ngazi.

"Bi Sheikha! Lile sinia langu la shaba vipi?"

"Si nimelirudisha! Zakariya amelileta juzi."

"Halijafika."

"Halijafika vipi? Zakariya! Njoo hapa! Sinia la watu umelipeleka wapi?"

Sauti ya Zakariya ikasikika, karibu na kilio. "Wallahi, mama, nimebisha hodi hakuna aliyejibu, nikaliweka barazani! Lilikuwa na visheti!"

"Barazani hapakuwa na kitu," Mama akasema. "Labda alikuwa na mpira mguuni, akalisahau mahali."

"Mwanatumu!" Sauti ya Bi Sheikha ikabadilika. "Yaani mwanangu mwongo? Au mimi nimekula sinia lako? Haya. Hina ya Maisara mtafute mtu mwingine wa kuipaka."

Dirisha likafungwa, pa! Maisara akasimama katikati ya chumba, mikono yake mitupu ameinyoosha mbele, kama kwamba hina imefutika kabla ya kupakwa. Nyuma ya pazia, Swabaha akaweka kikombe chake cha chai chini.

Adhuhuri ndipo alipotoka nje. Zakariya alikuwa amekaa kwenye ngazi za mlango wao, kidevu magotini. Walikuwa darasa moja, na siku zote walirudi shuleni pamoja.

"Zakariya."

"Usinisemeshe. Mamako amenifanya mwongo. Watoto wa mtaa wananiita Sinia sasa. Nikipita tu, 'Sinia! Sinia liko wapi?' Mama amesema Malindi siendi."

Swabaha alimshika mkono akamvuta mpaka kiwanjani, akainua turubai. Zakariya akainama. Akaliona sinia. Oili ilikuwa imejaa karibu kufika ukingoni.

"Wewe!" Akasimama, macho yamemtoka. "Ni wewe! Na mimi nimevutwa sikio hivi, angalia, bado limevimba!"

"Najua. Nataka kusema sasa hivi. Lakini ni zito, litamwagika."

Zakariya akainama, akashika ukingo mmoja wa sinia. "Kubeba nitakusaidia. Kusema, utasema wewe."

Wakaliingiza ndani polepole, hatua kwa hatua, mpaka mbele ya cherehani ya Baba. Mama akatoka jikoni. Ami akasimamisha kikombe hewani.

"Baba," Swabaha akasema, na machozi yalikuwa tayari yanamtoka. "Zakariya hakulipoteza. Nimelichukua mimi. Bi Kijani anavuja tangu siku ya pili. Na fundi Charo hakusema oili ni nzuri tu. Alisema sili zibadilishwe kwanza. Nikaogopa gari litakaa gereji, mkodi jingine. Nikasema nusu."

Ami akachovya kidole kwenye sinia. Oili iliyoingia rangi ya asali ilikuwa imetoka nyeusi kama wino. Akatoka nje, akafungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia. Kilikuwa kikavu, ncha tu ndiyo iliyolowa.

"Ndugu yangu," alimwambia Baba aliyekuwa amemfuata, "hatungefika Kilifi. Injini ingejifunga njiani, na hapo si oili wala fundi angeifungua."

Baba akamtazama Swabaha. "Kamwite Charo. Nenda na Zakariya. Lakini kwanza, dirishani."

Lo, dirisha lile! Swabaha alikuwa radhi aogelee mpaka Likoni kuliko kusimama pale. Lakini alisimama. Mama alikuwa kando yake, na Mama ndiye aliyeanza.

"Bi Sheikha, nisamehe. Nimemsingizia mtoto wako."

Dirisha la mkabala likafunguka kidogo.

"Ni mimi, Bi Sheikha," Swabaha akasema kwa sauti, na mtaa mzima ukasikia. "Zakariya alisema kweli. Sinia nililichukua mimi barazani."

Kisha Bi Sheikha akauliza, "Na visheti?"

"Nilivila."

"Vyote?"

"Vyote."

"Vilikuwaje?"

"Vitamu sana."

Bi Sheikha akajaribu kununa, akashindwa, akacheka mpaka akaegemea dirisha. "Mwanatumu, chemsha maji. Nakuja na hina."

Charo alifika na begi lake la vifaa. Alipolala chini ya Bi Kijani, wa kwanza kusikika alikuwa yeye. "Mimi nilisema nini? Nimewangoja juma zima, sili nimezinunua ziko mfukoni!"

"Mimi sikuambiwa," Ami akasema. Halafu akakuna kichwa. "Lakini haki ni haki. Mimi ni dereva wa miaka mingi, na sikuinama hata mara moja kutazama chini kabla ya kutia. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa."

"Basi lala hapa nikuonyeshe," Charo akasema, na Ami na shati lake la Dubai akalala kwenye vumbi. "Unaona? Uchafu mzito wa miaka ndio uliokuwa umeziba nyufa. Oili yako imeusafisha wote. Oili haina kosa. Imeonyesha tu kilichokuwa kimejificha."

Wakafanya kazi pamoja mpaka jua likapoa. Swabaha naye hakukaa. Alisugua sinia kwa majivu na ndimu, akasugua pia mawe ya kiwanjani yaliyolowa oili, mpaka vidole vikamwasha. Zakariya alikata ndimu, na kila akimpa moja alisema, "Shika, Sinia." Jina lilikuwa limehama.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, Bi Kijani aliondoka Kibokoni amejaa: bibi harusi na hina zake, Mama, Bi Sheikha, Ami, na Swabaha na Zakariya nyuma kabisa pamoja na masanduku. Tumbo la gari lilikuwa na oili mpya ya sinthetiki na sili mpya. Mtwapa wakapita. Jua likawaka. Baba alikuwa akiitazama taa ya oili kuliko barabara, mpaka Mama akamwambia, "Baba Maisara, bibi harusi yuko huku nyuma." Kilifi wakavuka daraja, taa imelala. Malindi wakaingia na honi, na Maisara akashuka kwa gari la Babu, kama alivyosema tangu utotoni.

Waliporudi Mombasa, Baba alichukua kipande cha kitambaa cheupe cha kanzu, akakitandika chini ya Bi Kijani. Asubuhi akamwita Swabaha, wakainama pamoja. Kitambaa kilikuwa cheupe vile vile.

"Umeona?" Baba akasema.

"Nimeona, Baba."

Baba akakikunja polepole. "Sikiliza, mwanangu. Mtu akinijia na kitambaa, akaniambia ni kizuri, akanificha kwamba kikifuliwa kinanywea, nitamshonea kanzu kwa hilo neno lake. Akifua, kanzu inamfaa mtoto. Kitambaa hakikudanganya, mkasi haukudanganya. Ni ile nusu aliyoificha. Wewe ulinipa nusu ya maneno ya Charo, nami nikaamua kwa nusu hiyo. Tone lile la kwanza ungeniambia, tungelimaliza kwa nusu siku. Ulipolificha likajaza sinia, likamwaga na jina la rafiki yako. Lakini ulilibeba mwenyewe ukalileta mbele ya watu. Hilo nalo nimeliona. Nikikutuma tena, niletee maneno yote, hata yale usiyoyapenda."

"Nitakuletea, Baba."

Kutoka jikoni Mama akaita. Sinia la shaba lilikuwa linang'aa, na juu yake kulikuwa na mahamri ya moto yaliyofunikwa kwa kawa. "Mpelekee Bi Sheikha. Na usionje!"

Swabaha akavuka njia akiwa amelishika kwa mikono miwili. Baraza la Bi Sheikha lilikuwa tupu, safi, pana, pa kuweka sinia na kwenda zako. Hakuliweka. Akabisha hodi, akangoja, akabisha tena, mpaka mlango ukafunguliwa na Zakariya akanyoosha mikono.

"Hesabu," Swabaha akasema.

Zakariya akafunua kawa, akanusa, akatabasamu. "Sina haja," akasema. "Ingia."